Kutembea mlimani kuona stima (umeme) ya maji bila kuvunja magoti: kwa sisi wa Malindi na Lamu

Ukimtajia mtu wa huku kwetu habari ya mlima anakuuliza haya magoti umeninunulia wewe? Sisi tumezoea bapa, Lamu kilima kikubwa ni mchanga wa Shela na Malindi hata huo hakuna. Lakini kuna matembezi ya kijiji cha mlimani ambayo karibu hayana kupanda, na ukirudi utakuwa unajua stima inatoka wapi badala ya kulaumu kampuni kila ikipotea. Unachofanya ni kufuata mfereji wa maji, basi.

Kwa nini mfereji? Mitambo ya zamani mingi ya milimani haikuzuia mto kwa ukuta mkubwa kama wa bwawa la Masinga. Walijenga banio tu, kiukuta kifupi mtoni, maji kiasi yakachepushwa kwenye mfereji unaozunguka ubavu wa kilima, na mfereji huo lazima uende karibu sawasawa, unashuka kidogo sana, huku mto wenyewe chini bondeni unaporomoka kwa haraka. Ukienda mbali vya kutosha mfereji uko juu na mto uko chini kabisa, hapo ndipo wanaweka bomba kubwa la kuteremsha maji hadi kwenye nyumba ya mashine, yanazungusha gurudumu la chuma, gurudumu linazungusha jenereta, na maji yanarudi mtoni kama yalivyo, hayakupunguka hata kikombe. Sasa wewe mtembeaji anzia kwenye banio, tembea na mfereji, teremko lako ni moja tu pale kwenye bomba. Wengi huanzia kwenye mashine kwa sababu gari linafika pale, halafu wanapanda kwa bomba wakihema. Usikubali, mwambie dereva awapeleke juu kwanza.

Sehemu ninayopendekeza ni Murang'a. Nairobi hadi Murang'a mjini ni matatu, haifiki masaa mawili barabara ikiwa haina foleni, na sisi tunafika Nairobi kwa basi la usiku au tunapanda treni Mombasa. Jueni kwanza nchi ile ilivyokaa: mito inatoka milima ya Aberdare inashuka upande wa mashariki, kila mto umechimba bonde lake na katikati yake kuna migongo mirefu ya ardhi. Kutembea na mgongo ni raha, kukata kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine ni adhabu, utashuka mpaka mtoni halafu upande tena, na mwenyeji atakwambia "ni hapo tu" akinyoosha kidole ng'ambo, hapo tu yenyewe ni saa nzima.

Pale kuna mitambo ya umri. Mesco kwenye mto Maragua ni ya miaka ya 1930, ndogo sana, haifiki hata megawati moja. Wanjii ni ya mwaka 1952, megawati 7.4, na inakula maji ya mito miwili, Mathioya na Maragua. Kwa kulinganisha, mtambo wa Gitaru kwenye mto Tana peke yake ni megawati 225, kwa hiyo hizi ni ndogo na za kizamani kweli, lakini ndizo zinafaa kutembelewa kwa sababu unaziona zote kwa macho, kutoka banio mpaka waya. Gitaru utaona ukuta na geti.

Na msidhani historia ya stima ni ya bara tu. Jenereta iliyowasha jumba la Sultani Seyyid Barghash kule Zanzibar ndiyo ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, mwaka 1908, ikawa mwanzo wa kampuni ya stima ya Mombasa. Mwaka huo huo Nairobi wakapata kibali cha kampuni yao, wao wakaenda kutafuta maji ya mto Ruiru. Mkifika huko mtu akianza kuringa na bara yake mwambieni hilo, taratibu.

Ruhusa. Mitambo hii ya Murang'a ni ya KenGen, kampuni ya serikali ya kuzalisha stima, na ni maeneo ya ulinzi, huingii ndani kwa kubisha hodi, mnaandika barua mapema mkieleza ni kina nani na mko wangapi, na kamera mnauliza kabla ya kutoa mfukoni. Bila barua bado mnaweza kutembea kwenye njia za kijiji zinazopita karibu, lakini penye uzio mnakaa nje ya uzio, hakuna mjadala. Mkifika kijijini pitieni kwa chifu au mzee wa mtaa, halafu tafuteni kijana wa pale awaongoze na mpatane bei kabla hamjaanza, sio mwisho wa safari. Mzee mwiteni guka, bibi mwiteni shosho, mtakaribishwa chai hata hamjauliza.

Kama mnataka kuingia kabisa mpaka kwenye mashine, tafuteni mtambo wa kijiji badala ya ule wa serikali. Ule wa Mbuiru upande wa Mlima Kenya, kwenye mto Tungu, wanakijiji wenyewe walichanga na kuchimba, kilowati 18 tu. Lakini kokote mtakapochagua pigeni simu kwanza muulize kama mashine inazunguka, hii midogo husimama miezi kwa kukosa kifaa kimoja. Ikiwa inazunguka mtafurahi. Ni kibanda cha mabati, ndani harufu ya grisi, makelele huwezi kusikia jirani yako, mkanda wa mpira unatoka kwenye gurudumu unaenda kwenye jenereta na wote wanaambiwa wakusanye leso na kanzu wasisogee karibu na huo mkanda, tena hapo si mzaha. Angalieni pembeni, mitambo mingi ya aina hii ina tangi la maji lenye hita ndani. Kazi yake ni kula stima ambayo watu hawajaitumia, kwa sababu usiku wa manane watu wakizima taa mashine ikabaki bila mzigo itakimbia mpaka iharibike, kwa hiyo stima inayozidi inachemsha maji ya bure. Mimi hicho ndicho naona kitu cha akili kuliko vyote na watu wanakipita hawaulizi.

Kabla ya kufika hapo, kwenye mfereji, fanyeni hesabu ndogo, watoto wanaipenda sana. Pimeni hatua za mita 10 kando ya mfereji, tupeni jani, mmoja ashike saa ya simu. Tuseme jani limetumia sekunde 20, hiyo ni nusu mita kwa sekunde. Mfereji ukiwa na upana wa nusu mita na kina cha sentimita 40, ni kama lita 100 kila sekunde, toeni kidogo kwa sababu maji ya chini na ya kando huenda polepole kuliko ya juu, semeni 80. Muulizeni kijana wenu bomba linashuka mita ngapi, akisema 20, zidisha 80 mara 20 mara 10, ni wati 16,000, na nusu yake inapotea njiani, mnabaki na kilowati 8. Hiyo ni majagi manne ya kuchemshia maji kwa pamoja, basi, halafu waambieni watoto wafikirie kijiji kizima kinagawana hiyo.

Mahali pengine pa kusimama ni kwenye chujio la vyuma, pale maji yanapoingia bomba. Kuna mtu na reki ndefu anatoa majani ya migomba, matawi, chupa za soda, kiatu kimoja cha mtoto, mchana na usiku hasa mvua ikinyesha, maana chujio likiziba maji yanafurika juu ya mfereji yanakula shamba la mtu. Mkimkuta msalimieni vizuri, ana stori kuliko injinia. Na mfereji wenyewe msiuchezee, kuta zake zina utelezi na maji yanavuta, anayejua kuogelea ufuoni Silversands asijifanye anajua hapa.

Msimu: Januari na Februari ndio nzuri, njia zimekauka. Machi mpaka Mei udongo mwekundu unakamata kiatu unakitoa mguuni, Julai na Agosti ni baridi na manyunyu, mtu wa Lamu atalia. Vaeni raba zenye meno, ndara na makubadhi acheni kwa mwenyeji wenu, sweta hata kama ni jua, na leso kila mtu, mwanamume pia, ya kukalia na kujifunika. Chakula ni githeri na mukimo, msiulizie nazi. Ndizi na parachichi nunueni kwa shamba, bei ya pale na ya soko la Malindi haziongei.

Kitu kingine cha kuangalia mkiwa juu pale: Maragua na Mathioya zote zinaingia Tana. Maji hayo hayo yakitoka Wanjii yana mabwawa matano mbele yake, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, halafu ndio Garissa, Garsen, na bahari pale Kipini. Kwa hiyo mwaka ambao mvua imezidi huko juu na mabwawa yakajaa, ni watu wa Garsen wanaohama nyumba, na barabara ya Lamu ndiyo inakatika. Muulizeni guka mvua yao ilikuwaje mwaka huu, na mkipata namba yake muihifadhi, mwezi wa nne mumpigie.

Matatu za kurudi Nairobi kutoka vijijini zinapungua kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa hiyo saa tisa muwe mshateremka bomba.