Viza 445 ya Australia: mlete mtoto kabla ukaazi wa mzazi haujatoka

Somo hili ni la mzazi aliyepata viza ya mwenza ya muda, yaani 820 kwa walioomba wakiwa Australia au 309 kwa walioomba wakiwa nje, na sasa anangojea hatua ya pili: 801 au 100, ambayo ndiyo ukaazi wa kudumu. Kwa kawaida hatua ya pili huanza kuangaliwa miaka 2 baada ya siku ombi la kwanza lilipopelekwa. Kama kuna mtoto aliyebaki Mombasa, Mwanza au Goma na hakuwekwa kwenye ombi la kwanza, katika kipindi hicho huletwa kwa viza ya 445.

Shika hili kabla ya mengine yote: 445 si ukaazi. Ni mlango wa kumwingizia mtoto kwenye ombi la mzazi. Akishaipata, inabidi mzazi aandike rasmi kuomba mtoto aunganishwe na ombi la 801 au 100, na maandishi hayo yaifikie wizara ya mambo ya ndani ya Australia (Home Affairs) kabla ombi hilo halijaamuliwa. Familia nyingi hukwama hapo. Viza inatoka, mtoto anapokelewa uwanja wa ndege, picha zinapigwa, halafu hakuna anayeandika barua. Mzazi anapewa ukaazi, na mtoto anabaki na viza isiyompeleka popote.

Hatua ya 1. Hakikisha 445 ndiyo viza yake

Ikiwa 820 au 309 ya mzazi bado haijaamuliwa, achana na 445. Omba mtoto aongezwe kwenye ombi hilo hilo.

Ikiwa mzazi ameshapata 801 au 100, mlango wa 445 umefungwa. Mtoto ataombewa viza ya mtoto: 101 akiwa nje ya Australia, 802 akiwa ndani. Hilo ni ombi jipya lenye ada yake.

Kuna mtego hapa. Wapenzi waliokuwa pamoja kwa miaka 3 au zaidi siku ya kuomba, au miaka 2 wakiwa na mtoto wao wa pamoja, wanaweza kupewa viza ya muda na ya kudumu kwa mfululizo bila kungoja. Kwao ule muda wa 445 huenda usiwepo kabisa. Mwenye uhusiano wa namna hiyo amwandike mtoto tangu siku ya kwanza.

Mtoto anayekubalika ni wa kuzaa, wa kambo au aliyeasiliwa kisheria. Asiwe ameoa, ameolewa, amechumbiwa au anaishi na mwenza. Chini ya miaka 18 hakuna maneno mengi. Akizidi 18, ni lazima athibitishe kwamba kwa muda mrefu sasa anamtegemea mzazi huyo kuliko mtu mwingine yeyote kwa chakula, mavazi na mahali pa kuishi, au kwamba hawezi kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa.

Hatua ya 2. Mdhamini

Anayemdhamini mtoto ni yule yule aliyemdhamini mzazi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, mdhamini huchunguzwa pia: atoe cheti cha polisi wa shirikisho wa Australia, AFP, na cha kila nchi aliyoishi miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Wadhamini wengine huona wamedharauliwa wakiombwa vyeti hivi. Mwelezeni mapema kwamba sheria inalinda watoto wote na haimlengi yeye, kwa sababu akichelewesha cheti, faili zima linasimama.

Hatua ya 3. Cheti cha kuzaliwa na ruhusa ya mzazi mwingine

Ipe hatua hii nusu ya muda wako.

Cheti cha kuzaliwa kionyeshe majina ya wazazi wote wawili. Tanzania Bara hutolewa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kenya huombwa kupitia eCitizen. Kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa kitafsiriwe kwa Kiingereza, na ukiwa Australia tumia mfasiri mwenye idhini ya NAATI, chombo kinachoidhinisha wafasiri Australia. Changanua (skani) hati halisi kwa rangi, kurasa zote, pamoja na upande wa nyuma wenye mihuri.

Kasoro tunazoziona mara kwa mara ni mbili. Ya kwanza ni majina: mama kwenye cheti ni "Asha Juma", kwenye pasi ni "Asha Juma Bakari", na kwenye cheti cha ndoa ana jina la mume. Andika hati ya kiapo mbele ya wakili ikieleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na uambatanishe hati zote zinazohusika. Ya pili ni cheti kilichosajiliwa mtoto akiwa na miaka 9 au 10, wiki chache kabla ya ombi. Si kosa, maana kwetu watoto wengi husajiliwa wakati wa kuanza shule, lakini afisa atataka ushahidi wa zamani zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rekodi za shule, risiti za fedha ulizotuma. Ushahidi ukiwa hafifu, anaweza kupendekeza kipimo cha DNA. Gharama ni yako, na kipimo kifanyike kupitia maabara yenye idhini ya NATA, chombo kinachoidhinisha maabara Australia. Usikimbilie mwenyewe maabara ya mtaani, majibu yake hayatapokelewa.

Ruhusa sasa. Kila mtu ambaye kisheria ana haki ya kuamua mtoto aishi wapi asaini Fomu 1229 na kuambatanisha nakala ya kitambulisho chenye picha na saini yake. Saini ya fomu ifanane na ya kitambulisho. Mzazi akiwa amefariki, weka cheti cha kifo. Akikataa kusaini, au hapatikani, unahitaji amri ya mahakama inayokupa haki ya kumhamisha mtoto. Barua ya chifu au mwenyekiti wa mtaa inasaidia kueleza hali, ila haichukui nafasi ya mahakama.

Hatua ya 4. Kuwasilisha

Fuata njia iliyoelekezwa kwenye ukurasa wa 445 wa tovuti ya Home Affairs, na ada isome hapo hapo siku unayolipa, kwa kuwa hubadilika, mara nyingi Julai. Taja namba ya faili la mzazi.

Mtoto aliyeko Australia kwa viza ya matembezi: kabla ya yote soma masharti ya viza yake. Ukiona namba 8503, hawezi kuombewa viza hii akiwa ndani ya nchi, isipokuwa sharti hilo liondolewe, na haliondolewi kirahisi.

Hatua ya 5. Afya na polisi

Vipimo hufanywa na daktari aliyeteuliwa na wizara tu, ukiwa na namba ya HAP, yaani namba ya utambulisho wa vipimo vya afya. Kila mtoto huchunguzwa mwili. Wa miaka 2 hadi chini ya 11 anayetoka nchi yenye kifua kikuu kingi hupimwa ugonjwa huo kwa damu au ngozi. Kuanzia 11 ni eksirei ya kifua. Kuanzia 15 huongezwa kipimo cha VVU. Majibu kwa kawaida hudumu miezi 12, kwa hiyo usipime mapema mno. Mwenye miaka 16 au zaidi anaweza kudaiwa cheti cha polisi.

Hatua ya 6. Unganisha

Siku 445 inapotoka, andika siku hiyo hiyo. Taja jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya viza yake na namba ya ombi lako la 801 au 100, na uombe ombi lake liunganishwe na lako. Pakia kwenye ImmiAccount, akaunti yako ya mtandaoni ya wizara, na uhifadhi uthibitisho wa kupokelewa. Kama tarehe ya kuangaliwa ukaazi wako imekaribia huku 445 haijatoka, iandikie wizara kwamba una mtoto anayengoja 445.

Maswali

*Kijana wangu anatimiza 18 tukiwa bado tunangoja. Tumekwisha?*

Hapana, ndugu. Ila kuanzia siku hiyo utegemezi wake utahitaji ushahidi. Tunza risiti za ada ya chuo, kodi ya nyumba na fedha unazotuma. Kazi ya kudumu yenye mshahara wa kumtosha, au uchumba, vinaweza kumtoa.

*Baba yake hajaonekana tangu mtoto ana mwaka mmoja. Nani atasaini 1229?*

Hakuna wa kumsainia, dada. Nenda mahakama ya watoto uombe amri ya malezi inayoruhusu mtoto kuhama nchi. Anza leo, maana kesi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko viza yenyewe. Msimsainie baba huyo. Hati ya uongo huangusha ombi na huweza kumfungia mtoto viza nyingine kwa miaka 3.

*Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ananiita mama. Anaingia 445?*

Kulea si kuasili, hivyo 445 hapana. Ukishapata ukaazi wa kudumu, soma kuhusu 117, viza ya ndugu yatima. Hiyo huhitaji mtoto awe chini ya 18, na wazazi wote wawili wawe wamefariki, hawajiwezi au hawajulikani walipo.

*Nina 820, mume wangu ni raia wa Australia, najifungua mwezi ujao hapa Perth. Mtoto naye aombewe 445?*

Haihitaji. Mtoto anayezaliwa Australia akiwa na mzazi mmoja raia au mkaazi wa kudumu ni raia tangu kuzaliwa. Sajili kizazi kwenye jimbo, kisha mwombee pasi.

*Tukiachana na mume kabla ya 801, watoto wenye 445 inakuwaje?*

Kesi yao hufuata ya kwako. Ijulishe wizara kuhusu mabadiliko hayo. Sheria inakuruhusu kuendelea na ombi ikiwa kulikuwa na ukatili wa kifamilia, ikiwa mdhamini amefariki, au ikiwa mna mtoto ambaye nyote mna haki au wajibu wa malezi juu yake. Kama ni ukatili, muone wakili wa uhamiaji au ofisi ya msaada wa sheria kabla ya kujibu barua yoyote ya wizara. Barua hizo huja na tarehe ya mwisho, nyingi siku 28.