Namna ya Kumsikiliza Mhudumu wa Baa Anapoieleza Kazi Yake

Ikiwa wewe ni mwanafunzi wa sosholojia au ofisa ustawi wa jamii, na unataka kuelewa jinsi mhudumu wa baa anavyojitambua katika kazi ambayo wengi huiona ya aibu, usianze kwa kumuuliza kama anaona aibu, kwa sababu swali hilo limekwisha kumhukumu. Muulize kazi yenyewe: chupa huhesabiwaje zamu zinapobadilishana, nani hulipa mteja akitoroka na bili, na mlevi anayemshika mkono humkwepaje pasipo kugombana. Fahari ya ujuzi hujitokeza humo, tena bila kuombwa.

Sikiliza pia majina. Huenda kwao husema yuko hotelini, kwa wenzake husema yuko kaunta, na neno "baamedi" akawaachia watu wa nje. Usiyahesabu kuwa uongo. Andika kila jina pamoja na aliyeambiwa, kwani mtu hajielezi kwa mama yake kama anavyojieleza kwa meneja.

Katika uchambuzi utasaidiwa na Blake Ashforth na Glen Kreiner, watafiti wa maisha ya kazini, ambao mwaka 1999 waliendeleza hoja ya Everett Hughes, mwanasosholojia wa Chicago, kuhusu kazi zinazodhaniwa kuwachafua wazifanyao. Walitaja njia tatu za kujinasua. Anayesema kwamba huwaliwaza waliochoka anaipa kazi maana nyingine; anayejipima kwa hesabu isiyopungua hata shilingi amebadili kipimo; anayetaja ada ya mtoto ameelekeza macho pasipo na lawama. Wengine huwageuzia lawama walaumu wenyewe, kwamba wanaowasema mchana ndio hao hao wanaokuja kuhudumiwa nao usiku, na mara nyingi hawakosei.

Pagumu zaidi ni pale anaposema, "Sisi si kama wale wa barabarani." Kauli hiyo humlinda kwa kumsukumia aibu mwanamke mwingine. Usimkosoe wala usimuunge mkono. Mwache aeleze mpaka huo uko wapi, na nani huuvuka.

Mahojiano yafanyike kabla ya zamu, mbali na mwajiri, na jina la baa lisiandikwe. Usimpe ofa ya kinywaji, kwa kuwa ukiagiza tu umekuwa mteja, naye atakujibu kama anavyowajibu wateja. Baadaye msomee ulichoandika, na akiikataa sentensi, andika pia maneno aliyoikatalia.