Alama tano haziji zenyewe: mwanao ametoka jeshi la Marekani na anataka kazi ya polisi

Mimi ni sajini mstaafu, na miaka yangu mingi jeshini niliimaliza ofisini, nikishika kalamu kuliko bunduki. Ndiyo maana mpwa wangu alipotua JKIA Desemba, baada ya kumaliza mkataba wake na jeshi la Marekani, dada yangu alimleta moja kwa moja kwangu Kahawa West. "Kaka, huyu anataka upolisi huko Texas. Hebu msomee hizi karatasi."

Hapa kwetu tangazo la kuajiri polisi husema miaka 18 hadi 28, kwa hiyo askari aliyetumikia vizuri anafika mlangoni akiwa ameshapitwa na umri. Marekani ni tofauti. Tangu sheria ya mwaka 1944, serikali kuu yao humtanguliza aliyetoka jeshini anapoomba kazi ya kiraia, kwa kumwongezea alama kwenye matokeo yake. Ila kijana wetu alidhani upendeleo huo unamfuata kama kivuli.

"Mjomba, si wataona tu kwamba nilikuwa jeshini?"

"Nani aone? Umewaonyesha nini?"

Alikuwa ameshatuma maombi sehemu moja, na alama zake za askari mstaafu hazikuhesabiwa. Nikamwambia alete alichotuma. Karatasi inaitwa DD-214, ndiyo cheti cha kutoka jeshini, na hutolewa kwa kopi kadhaa. Angalia pembe ya chini kulia. Yake ilikuwa imeandikwa MEMBER-1. Hiyo ni kopi fupi: inaonyesha tarehe na cheo, lakini haisemi aliachiwa kwa heshima au kwa makosa. Inayotakiwa ni MEMBER-4, yenye kisanduku cha 24 ambamo pameandikwa HONORABLE. Ilikuwa ndani ya begi lake muda wote huo, imekunjwa pamoja na risiti za duka. Aliona ni moja tu zimejirudia, akachagua iliyo safi! Ikiwa ya kwenu imepotea, huombwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu za serikali yao iliyoko St. Louis, au mtandaoni, na mwenyewe halipi kitu. Msimpe wakala hela.

Sasa alama zenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Alama tano za serikali kuu na alama tano za mji si kitu kimoja.

Ukiomba kazi ya serikali kuu, kwa mfano kulinda mpaka, alama tano zina masharti ya tarehe. Aliyetumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, na sehemu yake ikaangukia kati ya Septemba 11, 2001 na Agosti 31, 2010, anazo. Mafunzo hayahesabiki katika siku hizo. Aliyeingia baada ya hapo hutafutiwa nishani ya kampeni, yaani ya kushiriki operesheni ya kijeshi, katika kisanduku cha 13 cha DD-214. Mpwa wangu aliingia 2017 na hakuwahi kupelekwa vitani; aliketi kambini akitengeneza malori. Nishani zake ni za kukaa vizuri na kupiga shabaha. Kwa serikali kuu, hapo anapata sifuri, hata akipeperusha bendera.

Lakini goti lake liliumia kazini, na idara yao ya askari wastaafu ilishamthibitishia ulemavu wa asilimia 10. Huo ndio mlango. Ulemavu uliotokana na utumishi humpa alama kumi, bila kujali vita. Atajaza fomu SF-15, ya kudai alama hizo kumi, na kuambatisha barua ya idara hiyo. Alikuwa anaificha barua akiogopa kuonekana mgonjwa. Woga wake naulewa, maana polisi wanapima afya na goti litaangaliwa. Hata hivyo kipimo cha afya kina siku yake, na alama zina siku yake. Usijinyime alama kwa kukiogopa kipimo.

Umri nao: kazi nyingi za ulinzi wa sheria za serikali kuu humtaka mtu aingie kabla hajatimiza miaka 37. Mwenye haki hii ya kutangulizwa anaweza kuondolewa kikomo hicho, kwa hiyo aliyevuka asikate tamaa kabla ya kuuliza.

Texas ina njia yake. Miji inayofuata sura ya 143 ya sheria za serikali za mitaa, kama Houston, Fort Worth na Austin, humwongezea alama tano aliyeachiwa jeshi kwa heshima, na haimuulizi alipigana wapi. Sharti ni kwamba afaulu mtihani kwanza. Anayefeli haokolewi na alama hizi. Majimbo mengine yana yao: New York hutoa tano, au kumi kwa mwenye ulemavu, na Massachusetts humpandisha askari mstaafu aliyefaulu juu ya raia wa kawaida. Soma tangazo la mahali unapoomba, si la rafiki yako.

Upekuzi wa maisha ya nyuma utamuuliza pia alikoishi, na Kenya itatajwa. Cheti chetu cha tabia njema huombwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali yetu, kisha unachapisha fomu na kwenda kuchukuliwa alama za vidole makao makuu ya DCI, idara yetu ya upelelezi, Kiambu Road, au Huduma Centre. Mwambie afanye hivyo akiwa bado nyumbani. Kutafuta alama za vidole ukiwa Dallas ni adhabu.

Tulikaa mezani usiku mbili tukipiga skani kila ukurasa, kila faili na jina lake. Kuhusu saa: matangazo ya serikali kuu kwenye USAJOBS, tovuti yao ya ajira, hufungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Washington. Kwa Nairobi, wakati wa baridi yao, hiyo ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Wakati wa joto ni saa moja kasoro dakika moja. Stima zetu Kahawa zinajulikana. Tulituma jioni ya siku ya kuamkia mwisho, tukapiga picha ya ujumbe wa kupokelewa, ndipo dada yangu akatuletea chai.