Mdomo unaonuka hata baada ya mswaki: anzia nyuma ya ulimi

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Nilimwinamia kumbusu, akageuza uso: "Baba, mdomo unanuka." Na nilikuwa nimetoka kupiga mswaki muda si mrefu. Kwa miaka nilikuwa nafunika harufu kwa pipi za mnanaa, na pipi zenye sukari, kumbe, zinawalisha wadudu walewale wanaoileta.

Jipime kwanza. Kupumulia kiganja hakusaidii, maana pua yako imeshaizoea harufu yako. Chukua kijiko, kigeuze, kwangua taratibu sehemu ya nyuma kabisa ya ulimi, subiri kama nusu dakika, kisha nusa. Changu kilitoka na utando mzito wa manjano unaonuka yai viza. Ndivyo ilivyo hasa: bakteria wasiopenda hewa hujificha pale nyuma, hula mabaki ya chakula na chembe zilizokufa za mdomo, kisha hutoa gesi za salfa. Gesi ya yai viza ni mojawapo.

Kwa hiyo safisha ulimi kila siku. Utoe nje, weka kikwangulio nyuma kadiri unavyoweza kuvumilia, vuta kuja mbele, suuza, rudia mara nne au tano. Siku za mwanzo utasikia kichefuchefu. Toa pumzi polepole unapovuta kikwangulio, kitapungua. Usikwangue hadi ulimi uanze kuuma.

Sehemu ya pili ni katikati ya meno, ambako mswaki haupenyi. Mimi nilipoanza kutumia uzi wa meno fizi zilitoka damu, nikaacha kwa woga. Nilikosea. Fizi zilikuwa zinavuja kwa sababu ukoga ulikuwa umejaa pale. Pitisha uzi kila usiku, uukumbatishe kwenye ubavu wa jino na kuuteremsha kidogo chini ya fizi. Damu ikiendelea zaidi ya wiki mbili, nenda kwa daktari wa meno. Ukoga ukishakuwa mgumu kama jiwe hautoki kwa mswaki. Lazima ukwanguliwe na mtaalamu, na ugonjwa wa fizi ukiachwa unaweza kung'oa meno. Jino lililotoboka nalo hunuka, halina dawa ya nyumbani.

Mswaki wenyewe: mara mbili kwa siku, dakika mbili, dawa yenye floraidi, brashi laini. Wenye meno ya bandia wayavue usiku na kuyasugua.

Mate ndiyo yanayosafisha mdomo mchana kutwa, kwa hiyo mdomo mkavu hunuka. Kulala mdomo wazi, sigara, pombe, na baadhi ya dawa za mzio, za presha na za sonona hukausha. Kunywa maji, tafuna jojo isiyo na sukari. Dawa usiache; mweleze aliyekuandikia. Maji ya kusukutua yenye alkoholi mimi niliyaacha.

Ukifanya haya yote na meno yako yakaonekana mazima, mwone daktari aangalie tonsili, pua na tumbo. Lakini pumzi inayonuka kama matunda matamu, pamoja na kiu kali, kukojoa sana au kutapika, ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo; inaweza kuwa kisukari kilichopanda vibaya.

Baada ya wiki chache, mwombe mtu unayemwamini akunuse. Mwombe mchana, si asubuhi, kwa kuwa kila mtu huamka na harufu. Mimi nilimwomba mama yake binti. Alisogea karibu, akakaa kimya kidogo, akasema, "Haipo."