Kabla Hujabonyeza Mashine ya Presha

Mama mmoja wa ghorofa ya nne, hapa Kayole, Nairobi, alinifungulia mlango akihema. Maji yalikuwa yamekatika tangu Jumanne, naye alikuwa ametoka tu kupandisha mitungi miwili ya lita 20. Nikamketisha kwenye stuli, nikamfunga mkanda juu ya sweta, nikabonyeza. Mashine ikasoma 174 kwa 98. Nikamwandikia rufaa papo hapo. Usiku ule hakulala. Alimpigia dada yake aliye Machakos aje awe karibu na watoto. Kesho yake kliniki walimpumzisha kwanza, wakampima mara mbili: 126 kwa 80.

Mashine ilikuwa nzima, na mwili wa yule mama ulikuwa unafanya kazi yake vizuri kabisa. Kosa lilikuwa langu. Ni mwaka 2023 tulipopewa mikoba sisi wahudumu wa afya ya jamii, na ndani mna mashine ya presha. Kubonyeza kitufe nilijifunza siku moja, lakini kuelewa kile ninachopima kumenichukua muda. Leo nakuandikia wewe uliyenunua mashine yako umpime mzazi wako nyumbani, usije ukamkosesha mtu usingizi kama nilivyofanya.

Anza na jambo hili: presha haikai mahali pamoja. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na akiwa ametulia moyo husukuma karibu kiasi hicho hicho kila dakika. Damu hiyo haitoshi kila mshipa ukifunguka kabisa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwili unafanya mgao, kama tunavyogawiwa maji mtaani. Vishipa vidogo vinavyoingia kwenye nyama na viungo vina misuli inayoviwezesha kubana au kulegea, na hapo ndipo penye koki za mgao huo. Kishipa kikibana hadi nusu ya upana wake, damu inayopita hupungua mpaka sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana kubana kidogo tu kunatosha kubadilisha kila kitu. Mama anapobeba maji, vishipa vya misuli inayofanya kazi hufunguka, vya tumbo na figo hubana, moyo huenda mbio, na presha hupanda. Kushika mtungi kwa kukaza mkono hupandisha zaidi.

Nani anasimamia mgao huo? Shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika kwenda usoni na kwenye ubongo, na pia kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna neva zinazohisi ukuta wa mshipa ukivutika. Kwa kila pigo la moyo, neva hizo hupeleka taarifa kwenye sehemu ya chini ya ubongo. Ukuta ukivutika sana, amri hurudi: moyo upunguze mwendo, vishipa vilegee. Ukilegea, amri huwa kinyume. Yote haya ndani ya sekunde chache, bila wewe kujua.

Sasa kupima. Nusu saa kabla, asinywe chai wala kahawa, asivute sigara, asipande ngazi akiwa na mzigo. Aende haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha akae dakika tano kamili, na uziangalie kwenye saa, kwa sababu dakika tano za kukisia huwa mbili. Kiti kiwe na egemeo. Ile stuli niliyoitumia ilimlazimu yule mama kukaza mgongo muda wote. Nyayo zote mbili ziwe sakafuni, miguu isipishane.

Mkono ndio unaokosewa zaidi. Mkanda ukae juu ya ngozi, si juu ya sweta, hata asubuhi ya Julai yenye baridi. Mkono uwe juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Ukiuacha ukining'inia, uzito wa damu yenyewe unaongezeka kwenye kipimo: kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza kama 7 au 8. Ukiuinua juu, utapunguza vivyo hivyo, na hapo utamwambia mgonjwa yuko sawa kumbe sivyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Mashine nyingi huja na mkanda wa kipimo kimoja, kwa hiyo pima unene wa mkono wa mzazi wako kwa futi ya fundi cherehani kabla hujalipa, ulinganishe na namba zilizoandikwa kwenye mkanda.

Halafu nyamazeni. Hapa Nairobi hili ni gumu kuliko yote, maana ukiingia nyumba ya mtu lazima mjuliane hali. Juliane naye mapema, umalize. Akiongea mkanda ukijaa upepo, namba hupanda.

Pima, subiri dakika moja, pima tena, uandike zote. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Baada ya hapo tumia ule uliosoma juu zaidi. Fanya asubuhi kabla ya dawa na kifungua kinywa, na jioni, kwa siku saba. Namba za siku ya kwanza ziache, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ni wa kupeleka kliniki. Huko kliniki kiwango kinachotazamwa ni 140 kwa 90. Ukikuta 180 kwa 120, mpumzishe na urudie. Ikibaki hapo, mpeleke siku hiyo hiyo. Lakini kukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, acha mashine, tafuta gari la hospitali sasa hivi.

Chumvi nitaigusia kidogo. Neva za shingoni hushughulikia sekunde na dakika; siku na wiki ni za figo. Figo ndizo zinazoamua chumvi na maji kiasi gani vibaki mwilini, na zikihisi damu inayozifikia imepungua hutoa kemikali inayoanzisha mnyororo wa kubana mishipa na kuhifadhi chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko cha chai, ukihesabu na iliyo kwenye mkate na viungo vya pakiti vya mchuzi.

Kipimo cha mwisho wengi hawakifanyi, nami nakisisitiza kwa kila nyumba yenye mzee. Mpime akiwa amesimama. Mtu akiinuka, nusu lita ya damu au zaidi hushuka miguuni na tumboni, na neva zile za shingoni hutakiwa kubana mishipa mara moja. Kwa wazee, na kwa wanaotumia dawa fulani za presha, jibu hilo huchelewa. Baada ya kumpima amelala au amekaa dakika tano, mwambie asimame, wewe ukiwa karibu wa kumdaka, umpime dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, iandike na uipeleke kliniki. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe.

Kuna mzee kwenye nyumba ninazohudumia aliyekuwa ameanguka usiku mara tatu akienda chooni, na familia ilidhani ni macho. Amekaa alisoma 138 kwa 82. Amesimama, 110 kwa 68. Daktari aliliona daftari, akampangia dawa upya. Siku hizi akiamka hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anainua na kushusha visigino mara thelathini ili misuli ya miguu isukume damu juu, ndipo anashika kiti alichowekewa na mjukuu wake, anasimama.