Kutafakari Biblia Kila Siku: Anza na Waraka kwa Filemoni

Mkristo wa Bagamoyo anayetaka kujijengea desturi ya kutafakari Neno kila siku namshauri aanze na Waraka kwa Filemoni, wenye sura moja na mistari 25 tu. Paulo, akiwa kifungoni, anamwombea Onesimo, mtumwa aliyetengana na bwana wake, Filemoni. Katika mji ambao misafara ilishusha watumwa pwani, na ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1868 na kuwapokea waliokombolewa utumwani, waraka huu ni vigumu kuusoma juujuu.

Siku ya kwanza usome wote kwa sauti, bila kukatiza. Mstari wa 2 unaonyesha kwamba haukupelekwa kwa Filemoni peke yake, bali pia kwa Afia, Arkipo na kanisa lililokutana nyumbani mwake. Kwa hiyo ombi hilo huenda alilisikia mbele ya watu waliomfahamu vizuri.

Siku zinazofuata chukua mistari mitatu au minne, na kabla ya kuuliza Mungu anakuambia nini, uliza Paulo alikuwa akimwambia nini Filemoni. Wengi huiruka hatua hii, ndiyo maana mstari wa asubuhi unaosambazwa kwa simu, ukiwa umenyofolewa mahali pake, huweza kusemeshwa lolote.

Kaa zaidi kwenye mstari wa 8 na wa 9. Paulo anasema angeweza kuamuru, lakini kwa ajili ya upendo anaona afadhali kusihi. Mzazi, mwalimu au nahodha wa jahazi ana la kujiuliza hapo: ni wapi leo ataamuru ilhali kusihi kungetosha? Kisha mstari wa 16 unataka Onesimo apokelewe kama ndugu mpendwa, na katika mstari wa 18 Paulo anakubali deni lolote la Onesimo liandikwe juu yake, jambo linalowakumbusha Wakristo wengi kazi ya Kristo mwenyewe.

Utaona pia kwamba hakuna mahali Paulo anaposema waziwazi kwamba utumwa ukomeshwe. Usiufiche ukimya huo wala usiharakishe kuutetea. Uandike kwenye daftari kama swali, ukalijadili na wenzako katika jumuiya.

Robo saa inatosha, alfajiri au baada ya chakula cha usiku. Andika sentensi moja, kisha omba kwa kutumia maneno yale yale uliyoyasoma. Penye ugumu, linganisha tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version, ya mwaka 1952, na Biblia Habari Njema, ambayo lugha yake ni nyepesi zaidi.

Ukiumaliza waraka, ingia katika Injili ya Marko, kisa kimoja kwa siku. Siku ambayo huoni la kuandika, weka tarehe tu kwenye daftari, na kesho yake ukisome tena kisa hicho kabla ya kuendelea.