Namna ya kutumia ganzi ya neva kutafuta chanzo cha kikohozi sugu

Mtu mzima aliyekohoa zaidi ya wiki 8 hachomwi sindano ya ganzi siku ya kwanza. Makohozi yapimwe kwanza kifua kikuu, kifua kipigwe picha, pumu na tindikali inayopanda kutoka tumboni vichunguzwe, na kama anatumia dawa ya shinikizo la damu ya jamii ya enalapril au captopril, daktari wake ambadilishie, kwani wapo wanaopona kwa hatua hiyo peke yake, ijapokuwa huchukua wiki kadhaa.

Anayebaki bila jibu, hasa yule ambaye koo humtekenya na akakohoa kikavu kila anapoongea, kucheka au kuvuta hewa baridi, ndiye wa kushukiwa kuwa neva yake ya juu ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni), ambayo ni tawi la vagasi, neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, inaamka upesi kupita kiasi.

Kuichoma neva hiyo ganzi ni kazi ya daktari aliyefunzwa, penye vifaa vya dharura, baada ya kuuliza kuhusu mzio wa ganzi na dawa za kuzuia damu kuganda. Mgonjwa alale chali, shingo imenyooshwa. Papasa pembeni, kati ya mfupa wa haioidi, ulio juu ya kikoromeo, na ukingo wa juu wa gegedu la kikoromeo. Pale ambapo kubonyeza kunaamsha mtekenyo ndipo pa kuanzia. Safisha ngozi, ingiza sindano nyembamba, kisha vuta bomba: ikija damu, umo ndani ya mshipa, ikija hewa, umepenya hadi ndani ya koo, kwa hiyo rudi nyuma. Pasipotoka chochote, sukuma taratibu mililita 1 hadi 2 za lidokeini, dawa ya ganzi. Wengi huongeza steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, lakini hiyo ni tiba. Kwa uchunguzi, ganzi pekee husomeka vizuri zaidi. Choma upande mmoja tu.

Mgonjwa asome kwa sauti maneno yaleyale kabla na baada ya sindano, huku vikohozi vikihesabiwa. Kikohozi kikikatika kwa muda wa ganzi na kurejea inapoisha, neva hiyo inahusika. Hata hivyo, matumaini ya mgonjwa nayo hutuliza kikohozi, na zoloto lililokufa ganzi halihisi hata tindikali, hivyo jibu hili halifuti vyanzo vingine. Kisipopungua ilhali koo limekufa ganzi kweli, tazama kwingine, kwa mfano chini zaidi, kwenye mapafu.

Mgonjwa asile wala asinywe mpaka hisia za koo zirudi kamili, maana maji yanaweza kumpalia bila yeye kuhisi.